Mkwezi na Kamba Yake: Maneno ya Fani ya Kukwea Miti, Jana na Leo

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno yahusuyo kazi ya kukwea miti kwa kamba: yalikotoka, yalivyotumiwa na mafundi wa zamani, na namna yanavyoweza kuwafaa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali ambao siku hizi huletewa vitabu vya maelekezo, hati za zabuni na vibandiko vya vifaa vilivyoandikwa kwa lugha za kigeni. Fani yenyewe si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Vilivyo vigeni ni baadhi ya vifaa vyake, na majina ya vifaa hivyo. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya istilahi za sheria, uchumi au tiba, ambazo ndizo zilizolishughulisha zaidi Baraza tangu lilipoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967. Lakini mtu aning'iniaye kwa kamba moja, mita 20 juu ya ardhi, hana nafasi ya kushuka na kumwuliza mfasiri alikusudia nini.

Tumeichagua Kabwe iwe kipimo chetu. Kabwe ni mji mdogo wa bandari katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya mwambao huo nchi inapanda hadi kwenye uwanda wa Ufipa, ambao huko Sumbawanga unapita mita 1,700. Kiswahili husikika sokoni, shuleni na ofisini, lakini minazi ya Mafia na mikarafuu ya Pemba iko mbali sana. Istilahi itakayoeleweka Tanga na Unguja peke yake, ikamwacha mtu wa Kabwe akikisia, bado haijawa istilahi ya taifa.

Tuanze na tatizo lililo wazi kuliko yote. Mfasiri anapokutana na fani hii kwa mara ya kwanza, neno linalomjia upesi ni kupanda miti. Neno hilo si kosa: mtoto hupanda mwembe, na fundi wa umeme hupanda nguzo. Hata hivyo, sura yake ni ile ile ya neno tulitumialo kwa kutia mche ardhini. Kamusi zetu huyaandika hayo kuwa ni maneno mawili yaliyofanana kwa sauti tu, lakini msikilizaji hatembei na kamusi. Tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanzishwa mwaka 1973, na ule wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, pamoja na kampeni nyingi zilizofuata, kupanda miti kumekuwa masikioni mwa wananchi jambo moja tu: mche, shimo na maji. Barua iombayo fedha za "mafunzo ya kupanda miti kwa usalama" ikifika wilayani, itapelekwa kwa bwana misitu, naye kwa haki kabisa atauliza kuna hatari gani katika kufukia mche. Mpanda mlima hana taabu hiyo, maana hakuna awezaye kuuotesha mlima. Rukwa nako kulikuwa na nyongeza ya utata, kwa kuwa mji wa Mpanda ulikuwa ndani ya mkoa huo mpaka Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012. Afisa aliyesoma "mpanda miti wa Mpanda" alikuwa na kazi ya kufikiri.

Neno lililo bora tunalo tayari, nalo ni kukwea. Hili ni neno la kale la Kibantu, na ndugu zake wametapakaa mpaka kusini mwa bara letu: Wanyanja husema kukwera, Washona kukwira, na Wazulu khwela. Katika Kiswahili sauti ya kati ilidondoka, kama ilivyodondoka katika maneno mengi, ikabaki kwea. Lakini haikupotea kabisa. Imejificha katika jina la mtendaji, mkwezi, ambamo sauti ile, ilipokutana na irabu i ya mwisho, iligeuka kuwa z, sawasawa na lea alivyomzaa mlezi. Kwa hiyo mwalimu wa lugha anayo hapa mifano ya kufundishia, na mfasiri anao ukoo mzima wa maneno uliokwisha kujengwa na lugha yenyewe: kukwea, mkwezi, ukwezi, mkweo, na kukweza, yaani kupandisha kitu juu.

Pingamizi inayotolewa ni kwamba mkwezi ni mkwezi wa minazi tu, na kamusi nyingi humweleza hivyo. Ni kweli. Lakini tuwatazame wenzake. Mgema, ambaye methali imemtia doa la kutia maji tembo, anakwea mnazi au mvumo kila siku asubuhi na jioni. Jina lake linatokana na kugema. Mrina anakwea mti wa mzinga usiku. Jina lake linatokana na kurina asali. Mchumaji wa karafuu anashinda mtini tangu umande mpaka jua kutua. Jina lake linatokana na kuchuma. Kiswahili kiliwapa watu hawa majina kwa kile wanachokileta chini. Ni mkwezi peke yake aliyepewa jina kwa kule kukwea kwenyewe, ingawa naye huleta nazi. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba kulipanua jina lake limfae kila mwenye kufanya kazi juu ya mti si kulilazimisha neno, bali ni kulirudishia upana ambao mzizi wake unao tangu asili. Fani yenyewe na tuiite ukwezi wa miti.

Zana za mkwezi wa pwani zilikuwa chache, na uchache huo usituhadae tukadhani kwamba hapakuwa na elimu. Namna ya kwanza ni kuparaga, yaani kulikumbatia shina kwa mikono na kujisukuma kwa miguu bila chombo chochote. Namna ya pili ni kutumia kitanzi cha kamba kinachounganisha miguu miwili: nyayo hulibana shina, kitanzi huvutika na kukaza, na uzito wa mkwezi mwenyewe ndio unaomzuia asiteleze. Namna ya tatu ni kukata vipandio katika shina la mnazi. Kipandio katika kamusi za zamani ni neno pana: ni ngazi, ni kikuku cha kutilia mguu kwenye tandiko la farasi, ni pengo lililochongwa mtini, ni chochote kinachomwinua mtu. Vipandio vilimfanya hata asiye fundi aweze kufika juu, lakini mti hulipa gharama. Maji hukaa katika pengo, kuni huanza kuoza, na mnazi uliochongwa hovyo hudhoofika kabla ya wakati wake.

Msomaji asiichukulie habari hii kuwa ya kale tu. Mjadala ule ule umo katika vitabu vya leo vya fani hii huko Ulaya na Marekani. Vipo vyuma vyenye ncha ambavyo mkwezi hujifunga miguuni na kuvichoma katika shina kila hatua. Ni vyepesi kujifunza na vya haraka, na kwa nguzo za simu au mti unaokwenda kuangushwa havina lawama. Lakini kwa mti utakaoachwa uishi, mafundi wanakatazwa kuvitumia, kwa sababu kila ncha huacha jeraha linaloingiza ukungu na wadudu. Ndipo kamba ilipopata hadhi yake: chombo kimwezeshacho mtu kufika katika matawi ya mwisho bila kuugusa mti kwa chuma. Mfasiri atakayeviita vyuma vile "viatu vya kupandia" ameificha hatari nzima katika neno la upole. Sisi tunaonelea viitwe vipandio vya kuchoma, ili anayeagiza ajue, kabla ya kufungua sanduku, kwamba chombo hiki kinachoma mti.

Katika visiwa vya Unguja na Pemba mambo yalikuwa mengine. Baada ya tufani ya mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika uongozi wa zao hilo. Mkarafuu si kama mnazi. Una matawi tangu chini, lakini matawi hayo ni membamba na huvunjika ghafla, na karafuu nyingi ziko nchani. Tatizo la mchumaji, basi, si kupanda shina bali ni kuondoka shinani kwenda pembeni na kurudi salama. Alitumia upembo, ule mti wenye kipinda, kulivuta tawi limjie, na kamba ya kulifungia lisimponyoke. Ukiliangalia neno kwa makini, pwani ina familia nzima ya maneno ya vyombo vya kunasia: upembo, kigoe, ngoe, kulabu. Tutayahitaji baadaye kidogo.

Sasa tuje kwenye kamba yenyewe, kwani historia ya ukwezi ni historia ya kamba. Pwani, kamba ilitokana na mnazi ule ule uliokwewa. Makumbi yalifukiwa katika mchanga wa ufukoni miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa mpaka ikabaki nyuzi safi iitwayo usumba, na wanawake wakaisokota. Kamba ya usumba haiogopi maji ya chumvi, nayo huvutika kidogo kabla ya kukatika, sifa ambayo nahodha na mkwezi waliithamini kwa pamoja. Bara, ambako hakuna makumbi, kamba ilitoka katika magome ya miombo. Gome la mti huo lilikuwa ghala la vitu vingi: kamba, lindo la kutilia nafaka, na hata mzinga wa nyuki.

Kisha ukaja mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai Tanganyika ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba ya Tanga na Morogoro, na mwaka 1964 nchi yetu ilitoa kiasi cha tani 230,000, ikiongoza ulimwenguni. Kwa miaka mingi neno kamba, kwa mtu wa mjini, lilimaanisha kamba ya mkonge. Kamba hiyo ina nguvu ya kufungia mizigo, lakini kwa mkwezi ina aibu mbili: haivutiki, kwa hiyo mtu akianguka hushtuliwa vibaya, na ikilowa mara kwa mara huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Wakwezi wa nchi za Magharibi nao walitumia kamba za mimea, hasa ile ya Manila itokanayo na mmea wa jamii ya mgomba, nao walizijua aibu za namna hiyo.

Kilichoangusha mkonge ndicho kilichobadilisha ukwezi. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935, ikatumika katika Vita Kuu ya Pili kwa miavuli na kamba, na baada ya vita nyuzi za kemikali zikaingia katika kila soko. Mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ilitoa kamba ya namna mpya: fungu la nyuzi katikati lichukualo uzito, na kitambaa kilichosukwa kulizunguka kulilinda. Hiyo ndiyo kamba ambayo mfasiri wa leo atakutana nayo katika takriban kila hati. Tutaiitaje? Wengine watapenda moyo na ala, kwa mfano wa kisu katika ala yake. Ni neno zuri, lakini ala ni pia chombo cha muziki na cha kazi, na katika sentensi iliyojaa majina ya vyombo litachanganya. Tunapendekeza moyo na ganda. Mkulima yeyote anajua kwamba ganda likipasuka, kilichomo ndani kimo hatarini, na agizo "ukiuona moyo wa kamba, usiikwelee tena" halihitaji maelezo zaidi.

Zipo tena kamba zenye kuvutika sana, zilizotengenezwa kwa ajili ya wapanda milima ambao huweza kuanguka mita kadhaa kabla ya kamba kukaza, na zipo zenye kuvutika kidogo, ambazo mkwezi wa miti huzitaka kwa sababu anafanya kazi akiwa amezikalia, wala hapendi kupanda na kushuka kama ndoo ya kisima kila anaposukuma msumeno. Tumeona mahali fulani pameandikwa "kamba za kunyumbuka" na "zisizonyumbuka". Hilo si sawa. Kunyumbuka ni kupindika bila kuvunjika, na kamba zote mbili zapindika. La sivyo zisingefungika fundo. Neno linalotakiwa ni kuvutika.

Kwa upande wa mbinu, namna kuu ni mbili. Katika namna ya kwanza kamba hurushwa juu ya tawi imara, ncha moja ikafungwa kwa mkwezi, na upande wa pili ukashikwa na fundo maalum lililofungwa pia kwake; anapojivuta, kamba nzima hupita juu ya tawi na kutembea. Katika namna ya pili kamba hufungwa pamoja ikatulia, na mkwezi huikwea kwa vishikizo vinavyopanda juu yake. Ya kwanza humpunguzia mkwezi uzito, kwa kuwa kila upande wa kamba huchukua sehemu yake, lakini kamba husuguana na gome. Ya pili hufaa kwa miti mirefu sana isiyo na matawi ya chini. Lakini ikiwa imefungwa kwenye shina huko chini, tawi la juu hubeba karibu mara mbili ya uzito wa mtu, jambo ambalo mgeni wa fani hii halifikirii hata kidogo. Tunapendekeza kamba itembeayo na kamba itulizwayo.

Kwa namna ya kwanza mabaharia wetu walikuwa na msamiati kamili karne nyingi kabla ya vitabu hivi. Foromali ya jahazi haiinuliwi kwa mkono. Ipo henza, kamba nene inayoichukua. Ipo gofia, kapi iliyofungwa kwenye henza. Ipo abedari, kapi ya chini. Na kati ya hizo mbili hupita jarari, ambayo ndiyo mabaharia huivuta. Yaani, jarari ni kamba itembeayo. Tulishawishika kulichukua neno hilo kwa ajili ya ukwezi. Tumeliacha kwa sababu ya Kabwe: kule ziwani watu ni wavuvi na mabaharia hodari, lakini jahazi la tanga la pwani si chombo chao, na jarari lingekuwa kwao neno la kukariri tu. Kapi, kwa upande mwingine, limekwisha kuingia katika masomo ya sayansi shuleni, na halina mpinzani.

Lile fundo maalum lina historia yake. Mwaka 1931 Karl Prusik, mwalimu wa muziki na mpanda milima wa Austria, alieleza namna ya kuzungusha kamba nyembamba juu ya kamba nene hata ikawa fundo linaloteleza likisukumwa kwa mkono na kukaza likivutwa kwa uzito. Mafundo mengi ya namna hiyo yamebuniwa baadaye, na karibu yote yana majina ya watu au ya mahali. Majina ya watu na yaandikwe kama yalivyo. Lakini kundi zima lahitaji jina la Kiswahili, nasi tunasema fundo la kukaba, kwa kuwa ndicho lifanyacho: hukaba kamba kama mkono unavyokaba koo. Mfasiri asiseme kitanzi. Kitanzi cha kawaida hukazwa mara moja, na kazi yake ni kunasa. Fundo la kukaba hukaza na kulegea kwa amri ya mkwezi, na maisha yake yamo katika tofauti hiyo.

Mkwezi huvaa mshipi mpana kiunoni wenye mikanda ya mapajani, ambao huyakalisha makalio yake kama kitini. Tungeweza kuuita mbeleko, na kwa sura ungefaa sana, lakini tumepima jinsi mkwezi mwenye ndevu atakavyopokewa na wenzake akiambiwa avae mbeleko, tukaona bora mshipi wa ukwezi. Mkanda wa usalama tusiutumie, maana umekwisha kuwa mali ya magari. Zile pete za chuma zenye mlango unaojifunga, ambazo huunganisha mshipi na kamba, tunaziita kulabu za mlango. Hapa ndipo lile kundi la ngoe na kigoe liliposaidia: ngoe hunasa lakini hufunguka, kwa hiyo haifai kuwa jina la chombo ambacho kufunguka kwake ni msiba. Kulabu nayo peke yake huwa wazi, ndiyo maana tumeiongezea mlango.

Kamba fupi inayomzungushia mkwezi shina ili akae imara wakati wa kukata ingeweza kuitwa kigwe, neno zuri la zamani. Tumelikataa. Umbo lake la udogo humwambia msikilizaji kwamba ni uzi mwembamba, na mtunza ghala atatoa uzi mwembamba. Na iitwe kamba ya kiuno.

Tumefika kwenye sehemu ambayo kwa maoni yetu ndiyo nzito kuliko zote, nayo si ya majina bali ya sentensi. Kanuni moja ya fani hii ni kwamba mkwezi akishika msumeno lazima awe ameshikwa mahali pawili mbalimbali, kwa kamba ya kukwelea na kwa kamba ya kiuno, ili bledi ikigusa moja, nyingine imchukue. Mfasiri mwenye haraka huandika: "Mkwezi afungwe mara mbili." Fundi mtiifu atapiga mafundo mawili katika kamba ile ile moja, naye atakuwa amelitii agizo neno kwa neno. Tafsiri iwe ndefu ikibidi: "Kabla ya kuwasha msumeno, mkwezi ashikwe na kamba mbili tofauti, kila moja imefungwa mahali pake." Vivyo hivyo kamba ya kukwelea itenganishwe kwa jina na kamba ya kuteremshia matawi yaliyokatwa. Katika hati nyingi zote ni "kamba" tu, na kamba iliyokwisha kushtuliwa na magogo wiki nzima hurudi ghalani kwa jina lile lile, kisha ikampandisha mtu.

Kosa la pili la aina hiyo humngojea afisa ununuzi. Kulabu nyingi huandikwa tarakimu 22 na alama ya kilonyutoni. Kilonyutoni moja ni sawa na uzito wa kilo 100 hivi, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka kulabu hiyo hubeba kilo 2,200. Lakini tarakimu hiyo ni kiwango ambacho hakihakikishwi kupita: ni mahali pa kuvunjikia. Mzigo unaoruhusiwa kazini ni sehemu ndogo tu ya hapo, na tena fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba. Neno uwezo, ambalo hutumiwa sana, halitenganishi mambo haya mawili. Tunasihi yaandikwe nguvu ya kukatikia kwa kamba, nguvu ya kuvunjikia kwa chuma, na mzigo wa kazi kwa kile kinachoruhusiwa. Hati ya zabuni isiyotaja ni kipi kati ya hivyo imeacha pengo ambalo muuzaji atalijaza apendavyo.

Turudi Ufipa. Uwanda huo kwa sehemu kubwa ni nchi ya majani. Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri, na tanuri zao ndefu za udongo zilitaka makaa mengi. Miti mirefu ya asili hubaki katika mabonde na kwenye vilele, kama msitu wa Mbizi juu ya Sumbawanga, unaotazama Bonde la Rukwa. Lakini kaskazini, kuelekea Mpanda na Inyonga, huanza miombo mikubwa, nayo ni nchi ya asali. Mrina wa huko hukwea mti akiwa na moto wa kufukizia moshi, huku nyuki wakimngoja, naye hukweza mzinga wa gogo au wa gome kwa kamba ya magome na kuteremsha asali kwa kamba hiyo hiyo. Ukimlinganisha na mkwezi wa vitabu vya kigeni, mrina anafanya kazi ngumu zaidi kwa zana pungufu, na gizani. Upande wa Kigoma wapo wakwezi wa michikichi, ambao kazi yao ilipata msukumo mpya serikali ilipolivalia njuga zao hilo mwaka 2018. Wapo pia wakusanyaji wa mbegu za miti. Kazi yao ilipata mpango rasmi Morogoro mwaka 1989, wakati ulipoanzishwa Mpango wa Taifa wa Mbegu za Miti kwa msaada wa Denmaki, ambao mwaka 2003 ulikuwa Wakala. Mbegu bora hukaa juu ya mti bora, na mti bora aghalabu ndio mrefu. Kwa hiyo kamba, mshipi na fundo la kukaba viliingia katika utumishi wa umma pamoja na mbegu.

Utaratibu wa kuunda istilahi unatutaka tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, ndipo tukope nje. Katika fani hii utaratibu huo umefuatwa nusu. Lahaja za pwani zimechimbwa vya kutosha, kwa kuwa wenye kamusi, tangu Krapf mwaka 1882 hadi Johnson mwaka 1939, walikaa pwani au walitegemea watu wa pwani, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilirithi hazina hiyo. Warina wa miombo hawakuulizwa. Kwa hiyo tunayo maneno manne ya kipinda cha kuvutia karafuu, wala hatuna hata moja lililosanifiwa la ile kamba ya kukwezea mzinga, au la namna mrina anavyojishikiza juu ili mikono yake miwili iwe huru. Haiaminiki kwamba watu waliofanya kazi hiyo vizazi hata vizazi hawakuipa majina.

Yaliyopendekezwa hapa si istilahi zilizosanifiwa. Ni maneno ya kujaribiwa: ukwezi wa miti, moyo na ganda la kamba, kamba itembeayo na kamba itulizwayo, fundo la kukaba, kulabu ya mlango, kamba ya kiuno. Lile tulilo na shaka nalo zaidi ni kamba itulizwayo, ambalo ni zito mdomoni, nasi tungefurahi kuliacha. Walimu walioko Nkasi, Mlele, Kigoma na Tabora, ambao wanafunzi wao ni watoto wa warina na wa wakwezi wa michikichi, wanaombwa wawaulize wazee maswali matatu: kamba ya kukwezea mzinga huitwaje, fundo linaloshika na kulegea bila kufunguliwa huitwaje, kama lipo, na mrina huitwaje anapokuwa juu ya mti, kabla hajafika kwenye asali. Majibu yaandikwe kwa lugha ile ile yaliyosemwa, pamoja na jina la lugha hiyo na la kijiji, na yaletwe kwa Mhariri.